Ngaa Kikombe cha Maji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Mathayo 10:42, pale Bwana anapomtaja atakayemnywesha mmoja wa wadogo hawa "ngaa kikombe cha maji ya baridi". Kwa miaka mingi nimeupita mstari huu mbiombio. Kikombe cha maji, nani anakikosa?

Walikikosa watu wa Asheville, mji wa milimani North Carolina, Marekani. Kimbunga Helene kilitua Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024, mamia ya kilomita kutoka kwao, na wapo waliohamia Asheville wakiamini huko maafa ya namna hiyo hayafiki. Lakini mvua ilikuwa imetangulia, ardhi imeshiba. Mabaki ya kimbunga yakaparamia milima na kumwaga yote. Mto French Broad ulipanda hadi futi 24.67, ukaipita rekodi ya mwaka 1916. Katika jimbo lile peke yake walikufa watu zaidi ya 100. Isaya 43:2 inasema mito haitakugharikisha, nami nakiri siwezi kumsomea mfiwa maneno hayo na kuondoka zangu.

Mafuriko yalipopungua, kiu ikaanza. Mabomba makubwa yalikuwa yamesombwa, hata lile la akiba lililofukiwa chini sana. Bwawa la North Fork, linaloupa mji maji, lilikuwa limejaa, lakini maji yake yalikuwa tope, na ule udongo mfinyanzi siku zilipita bila kutuama. Watu wakachota kwa ndoo vijitoni ili wapate ya kumwaga chooni. Sisi tuliokulia na ndoo kichwani tunajua uzito wake. Vijiji vilivyokatiwa barabara vilipelekewa mahitaji kwa migongo ya nyumbu, wale wa kubebea mizigo, hatua kwa hatua kwenye vifusi. Siku 53 zilipita hadi maji ya bomba yalipotangazwa salama kunywa, tarehe 18 Novemba.

Isaya anasema pia, "nitakuwa pamoja nawe". Nadhani wengine kule waliliona neno hilo likipanda mlima limefungwa kwa kamba mgongoni mwa nyumbu.

Baba, wakumbuke waliozika, na waliokwangua matope sakafuni. Na jirani yetu ambaye bomba lake limekauka tangu juzi, tupe kumgongea mlango leo, kabla ndoo zetu hazijapungua. Amina.