Kumbukumbu ya mradi: Ryzen 5 5600 au Core i5-12600K kwa ovaklokingi

Hali ya sasa ya mradi huu wa ovaklokingi, yaani kuendesha prosesa kwa kasi kuliko ya kiwandani: prosesa imeshachaguliwa, BIOS (programu ya msingi ya mazabodi, bodi kuu ya kompyuta) imeshapangwa, kilichobaki ni kubana RAM, yaani kupunguza muda wake wa kusubiri. Hizi ndizo sababu za uchaguzi na mipangilio yenyewe.

RAM ndiyo iliyoanza kuchuja. Seti ya RAM ya DDR4, kasi ya 3600 (CL16), GB 8 mara mbili, ilikuwapo tayari, kwa hiyo soketi ya AM5 ya AMD iliondolewa mapema kwa kuwa inapokea DDR5 peke yake. Kisha zikaondolewa prosesa zilizofungwa kizidishi, namba inayoweka kasi ya prosesa. Core i5-12400F ni prosesa nzuri kwa bei yake, lakini kizidishi hakipandi. Ryzen 7 5800X3D nayo imefungwa, maana kache (kumbukumbu ya ndani) iliyobandikwa juu ya chipu haipendi volti kubwa. Mashine za ofisi zinazoshuka kutoka Dubai na Ulaya hazina nafasi kabisa: i7 isiyo na herufi K (alama ya Intel ya kizidishi kilicho wazi), mazabodi ya umbo la kampuni yenyewe, plagi za umeme zisizo za kawaida, na BIOS isiyo hata na ukurasa wa volti. Kwa kazi za ofisi zinafaa sana. Kwa ovaklokingi, sahau.

i5-13600K ya mtumba ilivutia, ila vizazi vya 13 na 14 vya Intel vilikumbwa na tatizo la volti kupanda kupita kiasi. Intel ilitoa maikrokodi (msimbo wa ndani wa prosesa) 0x129 Agosti 2024 na nyingine baadaye, lakini marekebisho hayo hayaponyi chipu iliyokwisha kuchakaa, na kwenye mtumba huna namna ya kujua imepitia nini. Kizazi cha 12 hakimo katika mkasa huo, ndiyo maana 12600K ilibaki mezani.

Ukitazama prosesa peke yake, 12600K inashinda: viini (sehemu zinazofanya hesabu) vikubwa 6 na vidogo 4, thredi (foleni za kazi) 16, dhidi ya viini 6 na thredi 12 za Ryzen 5 5600. Na nafasi ya kupanda inayo kweli. Viini vikubwa vyote vikifanya kazi pamoja hukaa karibu na 4.5 GHz kiwandani, na chipu nyingi hufika 5.0 kwa volti zinazovumilika. Hiyo ni asilimia 11 hivi. Ryzen 5 5600 imeandikwa 4.4 GHz, na njia ya kawaida ya kuipandisha inaishia karibu na 4.65.

Bei ya kweli, hata hivyo, iko kwenye vinavyoizunguka. Kupandisha kizidishi cha 12600K kunadai mazabodi yenye chipuseti (chipu inayoamua kinachoruhusiwa) ya Z690 au Z790. B660 itakuruhusu kupandisha RAM, kizidishi hapana. Kwa AMD, B450, B550 na X570 zote zinaruhusu. Za kuepuka ni A320 na A520. Halafu joto: 12600K ina kikomo cha wati 150 kabla hujaigusa, na ikiwa 5.0 GHz hupita hapo. 5600 ina kikomo cha wati 76. Vipimo vingi vya mtandaoni hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 21 hivi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kisicho na kiyoyozi kinafika 31 bila shida, kwa hiyo ongeza nyuzi 10 kwenye kila namba unayosoma. Kipoza joto cha mnara mmoja chenye feni ya milimita 120 kinaitosha 5600 hata hapo. 12600K ingedai mnara pacha au maji.

Imechukuliwa 5600, juu ya B550. Anayetafuta raha ya kupandisha kizidishi na kuona namba kubwa achukue 12600K, haitamwangusha.

Mipangilio ilianza na BIOS mpya, kwa sababu mazabodi iliyokaa dukani tangu kabla ya Aprili 2022 huenda isiitambue 5600. Fanya kazi hiyo ukiwa na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, mazabodi isiyo na kitufe cha Flashback inaweza isiwake tena.

Baada ya hapo ikawashwa profaili ya RAM iliyowekwa na mtengenezaji, FCLK (kasi ya njia ya ndani ya prosesa) ikawekwa 1800 ili iende sambamba na RAM, maana 3600 ni 1800 mara mbili, na RAM ikapimwa peke yake kwa programu ya TestMem5 kabla ya kugusa viini. Usiruke hapa. RAM yenye kasoro huleta makosa yanayofanana kabisa na ya prosesa. FCLK 1900 inawezekana kwenye chipu nyingi, ila fungua Event Viewer ya Windows utazame ujumbe wa WHEA-Logger 19, yaani makosa yaliyosahihishwa: mashine haizimi, lakini ukiona mistari hiyo ikiongezeka, rudi 1866 au 1800.

Kwenye Precision Boost Overdrive, upandishaji wa kiotomatiki wa AMD, nyongeza ya kasi imewekwa +200 MHz, kisha Curve Optimizer, inayopunguza volti, hasi 15 kwa viini vyote. Hapo ndipo kazi ilipo. Watu hupima kwa programu ya Cinebench R23 nusu saa, inapita, wanashangilia, halafu mashine inajizima yenyewe ikiwa haifanyi chochote. Sababu ni kwamba mzigo mzito hushusha kasi ya viini vyote, hivyo haufiki kileleni mwa mkondo wa volti. Kiini kimoja chenye mzigo mwepesi ndicho kinachoruka hadi 4.65 kwa volti uliyoipunguza. Dawa ni programu ya CoreCycler, inayopima kiini kimoja kimoja, iachwe usiku kucha. Mashine ikijizima, ujumbe wa WHEA-Logger 18 hutaja APIC ID, namba ya thredi. Kwa kawaida gawa kwa 2 upate kiini. Hasi ya kiini hicho ipunguzwe hatua 3 hadi 5, vingine viachwe. Kwa sasa vinne vimesogezwa hadi hasi 22, na viwili ambavyo BIOS inaviona bora vimerudishwa hasi 10. Viini bora hupewa volti ndogo tangu kiwandani, kwa hiyo hubakiza nafasi ndogo.

Katika HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, usisome kasi ya kawaida, soma mstari wa Effective Clock, kasi inayofanyika kweli. Ikionyesha 4.65 huku Effective ikiwa 4.4 chini ya mzigo kamili, prosesa inarefusha mapigo ya saa yake kwa kukosa volti, na alama zitashuka ingawa hakuna kilichozimika.

Kinachofuata ni tRFC, muda ambao RAM husubiri ikijihuisha. Chipu za Samsung B-die huweza kushuka hadi nanosekunde 160, yaani tRFC 288 kwenye 3600. Za Micron E hukwama karibu na 300, yaani 540. Seti hii ni B-die, ambayo ikibanwa hivyo huanza kutoa makosa joto lake likikaribia nyuzi 50, kwa hiyo feni ya kupuliza RAM inafungwa kwanza.