Bismillahi ya ami na kompyuta tatu

Ami yangu wa Wete ana mikarafuu, na kila vuo huweka daftari la wachumaji: jina, pishi alizochuma siku ile, malipo yake. Mwaka juzi nilimwandikia programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, imfanyie hesabu hizo. Niliiandika usiku, nyumbani Mwanakwerekwe, kwenye laptopu yangu inayotumia mfumo wa Linux. Ikaenda vizuri. Nikaitia kwenye flashi, nikapanda boti, nikashuka Mkoani nikijua kazi imekwisha.

Kompyuta ya ami ni ya Windows 7. Kabla sijaigusa, yeye mwenyewe alifungua orodha kwa Notepad, programu ya Windows ya kusomea maandishi, akaniita.

“Mwanangu, watu wangu umewafanya nini?”

Majina yote yalikuwa yameungana mstari mmoja, pishi za huyu zimegandana na jina la yule. Hili la alama za kumaliza mstari ni jambo la tangu enzi za teletaipu, mashine za kuchapa ujumbe uliopita kwenye waya: alama moja ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, nyengine ikasogeza karatasi. Windows ilirithi zote mbili, ambazo ndani ya kompyuta hujulikana kwa namba 13 na 10. Linux hutumia 10 peke yake. Notepad ilikuja kuielewa 10 iliyo peke yake mwaka 2018, tena kwenye Windows 10. Ya ami haikuwa na habari hiyo.

Nikamwekea Python 3.8, toleo la mwisho linalokubali Windows 7. Programu ikagoma papo hapo, kwa sababu nilikuwa nimeiandikia njia ya folda iliyopo kwenye laptopu yangu tu. Hilo nilitengeneza kwa dakika tano: sasa inaiuliza kompyuta yenyewe folda ya mtumiaji iko wapi.

Lililoniuma ni jengine. Juu ya orodha, ami alikuwa ameniomba niandike Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, kama anavyofanya kwenye daftari lake la karatasi. Programu ilipoitoa kwenye kioo, pale palijaa O zenye mkato na vidoto. Nilifunga kioo haraka asije akaona. Faili lenyewe lilikuwa salama, limehifadhiwa kwa UTF-8, mpangilio unaobeba herufi za lugha zote, lakini sikuiambia programu ilisome hivyo, na Python ya Windows ikachukua mpangilio wa herufi za Kilatini uliomo kwenye mfumo. Dawa yake ni maneno mawili ndani ya amri ya kufungua faili. Tangu siku ile siandiki amri hiyo bila ya kutaja UTF-8, hata faili likiwa na tarakimu tupu. Maandishi ya mtu ni heshima yake; hayafai kuharibika njiani kwa sababu amebadilisha mashine.

Kisha binti ya ami, mdogo wangu, akataka naye asaidie hesabu kwenye Mac yake. Skripti yangu ya kusafisha orodha hutumia sed, amri ya kubadilisha maandishi, yenye alama ya -i, yaani ibadilishe faili lenyewe. Linux huikubali ilivyo. Mac hutaka uiambie kwanza nakala ya zamani iitwe vipi. Jina la amri ni lile lile, tabia mbali mbali. Nikaitupa skripti, kazi ile nikaiandika upya kwa Python, ambayo mashine zote tatu zinayo.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama na kazi yangu mwenyewe. Njia zangu za mkato, mipangilio ya kihariri changu, rangi, majina mafupi ya amri: vyote vilikaa ndani ya laptopu moja, kwenye mafaili yaliyofichwa. Nimeyakusanya folda moja inayotunzwa na Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko. Faili moja ni la mambo ya pamoja, halafu kila mfumo una kifaili chake cha yale yanayotofautiana. Nywila sizitii humo kabisa.

Vuo lililopita laptopu yangu iliingia maji ya bahari, haikuwaka tena. Niliazima ya mdogo wangu, nikavuta nakala ya folda yangu iliyokuwa mtandaoni, na kabla ya Magharibi nilikuwa naandika pishi za siku ile. Ami alikuja kusimama nyuma yangu, akavaa miwani, akasoma mstari wa juu kwa sauti, kisha akaanza kunitajia majina.