Miezi mitatu katika wodi ya watoto, Malindi

Kabla ya kupata leseni kamili, daktari wa Kenya anayetoka chuoni hufanya kazi mwaka mzima akiwa mwanagenzi, akizungushwa idara baada ya idara. Mimi nilipangiwa hospitali ya umma mjini Malindi, na zamu ya watoto ndiyo niliyoiogopa kuliko zote. Mgonjwa mzima atakwambia panapomuuma. Mtoto wa miezi minne analia tu, na wa kumwelewa ni mamake, ambaye naye usiku kucha hajafumba jicho.

Magonjwa yenyewe niliyazoea upesi: nimonia, kuhara, malaria, manjano ya wachanga, selimundu (sikoseli) ambayo huku Pwani tunayo kwa wingi. Kilichonitoa jasho ni hesabu. Kwa mtu mzima unaandika dozi karibu moja kwa wote. Kwa mtoto, kila kitu kinategemea kilo.

Mfano ni jentamisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Kichupa chake kina miligramu 80 katika mililita 2. Mtoto wa siku mbili mwenye kilo 3 anatakiwa miligramu 15 kwa siku, yaani chini kidogo ya mililita 0.4. Ukiivuta kwa bomba la mililita 5, tone mbili tatu za ziada huzioni, na dawa hiyo ikizidi huharibu figo na masikio. Ndiyo maana wachanga tunawavutia dawa kwa bomba la mililita 1, lile jembamba.

Sista mmoja mkongwe wa wodi alinipa utaratibu ambao sijauacha. Kwanza mizani: hata mtoto aliyepimwa kliniki juzi anapimwa tena, bila nguo nzito wala nepi iliyolowa. Uzani unaandikwa juu kabisa ya karatasi ya dawa kwa tarakimu kubwa. Kisha mimi napiga hesabu yangu, yeye yake, bila kuchunguliana, halafu tunasomeana kwa sauti. Tukipishana, hakuna anayedunga mpaka tujue tumepishana wapi. Saa tisa za usiku, watoto watatu wapya wakingoja mlangoni, utaratibu huu unachosha kwelikweli, na baadhi ya wenzangu waliuona ni uoga. Sawa, uoga. Mimi nilishukuru kuwa nao.

Maji ya dripu nayo yana hesabu yake, na hapa nina fahari kidogo kwa sababu elimu hii imetoka kwa majirani. Kilifi, kusini ya Malindi kwa barabara ile ile ya Mombasa, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti. Watafiti wake walikuwa mstari wa mbele katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofikishwa hospitali wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Mazoea yalikuwa kuwamiminia maji mengi kwa haraka mshipani. Ikabainika kwamba waliomiminiwa ndio waliokufa zaidi: ndani ya saa 48, kama 10.5 kwa kila 100, na wale ambao hawakumiminiwa 7.3. Nilikuwa nimeusoma chuoni kama swali la mtihani. Wodini, mkono ukiwa kwenye gurudumu la dripu na mtoto anahema mbele yako, unauelewa kwa namna nyingine, maana mkono wenyewe unataka kufungulia.

Wa kuhara hawakuwemo katika utafiti ule. Wao maji yamewatoka na lazima yarudi. Mtoto wa miezi kumi mwenye kilo 8, aliyekauka vibaya, hupata mililita 240 saa ya kwanza, kisha 560 kwa saa tano zinazofuata. Kwa mpira wa kawaida, hizo 560 ni kama tone 37 kwa dakika, na zinahesabiwa kwa jicho. Nilimfundisha mama mmoja wa Maweni, muuza mahamri, kuzihesabu kwa saa ya simu yake. Usiku akanifuata mezani: "Dakta, zimekuwa ishirini tu. Nahisi amekunja mkono." Kweli, kiwiko kilikuwa kimejikunja na kanula, kile kijibomba cha mshipani, imebanwa. Tangu hapo kila mama aliyekuwa tayari nilimpa kazi hiyo, na wengi waliifanya vizuri kuliko mimi, kwa sababu wao wana mtoto mmoja wa kumwangalia.

Kilichohitaji ulimi zaidi ya kalamu ni degedege. Nimezaliwa Lamu, na kwetu pia mtoto akikakamaa na kugeuza macho wapo wazee watakaosema ni nyuni, pepo wa ndege, na kwamba akidungwa sindano atakufa. Kwa hiyo bibi mmoja wa upande wa Marafa aliponishika mkono na kuniambia maneno hayo hayo, sikumbishia. Mjukuu wake alikuwa na kilo 12, amelegea, hirizi mkono wa kulia.

"Hawe, mjukuu ni wako," nikamwambia, nikimwita bibi kwa Kigiriama. "Nipe ncha ya kidole chake tu, tone moja la damu. Jibu utaliona mwenyewe."

Mashine ya kupima sukari ikasoma 1.6. Chini ya 2.5 hatungoji. Nikamwonyesha namba, nikamweleza kwamba ubongo wa mtoto umeishiwa sukari na njia ya kuifikisha ni mshipa. Akanitazama, akamtazama sista, ambaye ni Mgiriama na alikuwa ameshaongeza yake kwa lugha yao. Akaachia mkono wa kushoto wa mtoto. Kanula ikaingia huko, hirizi ikabaki mahali pake, na glukosi ya asilimia 10 ikapita, mililita 60. Haukupita muda mtoto akaanza kulia, na kilio kile kilimtosheleza bibi kuliko maelezo yangu yote. Kipimo cha malaria kilitoka na jibu la ndiyo, tukaanza atesuneti: dozi ya kwanza pale pale, ya pili baada ya saa 12, ya tatu ilipotimia 24.

Waliofariki sitawaandika hapa.

Sasa nimeomba nafasi ya kusomea ubingwa wa watoto, Nairobi au Eldoret, popote watakaponichukua. Ni miaka mingine kadhaa ya zamu za usiku, safari hii na baridi juu yake. Mamangu anachotaka kujua ni kama huko Eldoret nazi zinapatikana.