Mikrismasi imeshachanua Raskazone

Jamani watu wa Tanga, mmeiona mikrismasi ya kuelekea Raskazone? Imewaka nyekundu! Mti huu asili yake Madagaska, lakini kwetu ndio unaotangaza kwamba kipupwe kimekwisha na joto limeingia. Nyumbani tuna utaratibu wetu: atakayeona ua la kwanza ndiye anayechagua embe la kwanza. Mwaka huu kitinda mimba wangu katushinda wote, akachukua dodo linalozidi kiganja chake. Sisi tukagawana bolibo.

Ila wanaonifurahisha zaidi ni kereng'ende. Tangu vuli ianze, jioni wamejaa uwanjani, wale wa manjano, wanazunguka tu wala hawatui. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyewafuatilia kule Maldives, aliandika mwaka 2009 kwamba huenda wanatoka India na kuvuka Bahari ya Hindi mpaka huku Afrika Mashariki, wakibebwa na upepo. Mdudu asiyefika urefu wa kidole! Hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na watoto wao hukua haraka kabla maji hayajakauka. Ndiyo maana nawaomba wanangu wasiwafunge uzi mkiani. Nawaonea huruma kweli, safari yote ile.

Maji yakipwa, ndege waitwao sululu nao wapo ufukweni na midomo yao iliyopinda, wamekimbia baridi ya kaskazini ya mbali. Wenzangu wa Pangani na Bagamoyo, huko mmeona nini? Wekeni picha.