Nilivyopanga bakodi za siagi yangu ya karanga

Natengeneza siagi ya karanga, mwanzoni nilikuwa nauzia watu wa mtaani tu, sasa ukitaka kuingia supamaketi swali la kwanza ni bakodi iko wapi. Ikabidi nikae chini nijifunze, na kumbe hizi bakodi za mistari ziko aina nyingi na kila moja ina kazi yake.

Ya kwenye kopo ni EAN-13, zile tarakimu 13 unazoziona kwenye sabuni na biskuti. Namba nilichukua GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za bakodi, zao zinaanza na 620, za Kenya 616. Na jamani tuelewane, 620 haimaanishi mzigo umetengenezwa Tanzania, inaonyesha namba imetolewa na GS1 ya hapa, basi. Kopo la gramu 250 lina namba yake na la gramu 400 yake, maana skana inasoma namba tu, jina na bei vinatoka kwenye kompyuta ya duka.

Kwenye lebo ndo nilikuwa mkali. Mtu wa dizaini alitaka mistari iwe myekundu iendane na kifuniko, nikakataa kabisa, skana nyingi zinamulika mwanga mwekundu kwahiyo mstari mwekundu zinauona sawa na karatasi nyeupe, hakisomeki kitu. Tukaweka myeusi juu ya nyeupe, pembeni tukaacha nafasi tupu pande zote mbili, na kwa vile kopo langu ni dogo na la duara tukailaza ile bakodi mistari ikae kama ngazi, isijikunje.

Katoni nayo ni habari nyingine, pale tuliweka ITF-14. Mistari yake minene, inavumilia kuchapwa moja kwa moja kwenye boksi gumu. Unachukua tarakimu 12 za mwanzo za kopo, mbele unaweka 1, mwishoni unapiga hesabu ya tarakimu mpya ya kuhakiki, yaani ile ya mwisho inayosaidia skana kujua kama namba imesomwa vibaya.

Hiyo hesabu msiiogope, nawaonyesha kwa bakodi ya tarakimu 13, ya katoni inafanana ila huko zinazozidishwa mara 3 ni za nafasi ya 1, 3, 5 mpaka 13. Mfano karanga za kukaanga nauza kwenye kibanda changu mwenyewe, huko natumia namba za kuanzia 2 ambazo zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Chukua 200000000123. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5 mpaka 11, unapata 4. Za nafasi ya 2, 4 mpaka 12 nazo zinatoa 4, zidisha mara 3 ni 12. Jumla 16, kufika 20 inapungua 4, basi tarakimu ya 13 ni 4.

Stoo natumia Code 128 kwasababu inabeba herufi na namba pamoja, hiyo sijaomba kwa mtu, nachapa mwenyewe kwenye stika naandika bechi na mwezi, mteja akilalamika najua gunia lipi la karanga lilitumika.