Wigo wa Bibi

Tangu Jumapili kuna kitenzi cha Kiingereza kimenikaa kichwani: imparadise. Hata wenyewe siku hizi hawakitumii. Maana yake ni kumtia mtu peponi, kumjaza raha hadi asibakiwe na la kutamani. Sisi tungesema kumpeponisha, na mimi naona sikio lingezoea.

Mshairi Mwingereza Milton alikitumia mwaka 1667, katika utenzi wake Paradise Lost, kwa Adamu na Hawa waliokumbatiana. Kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 14, mshairi Dante alikuwa nacho kwa Kiitaliano: Beatrice, mwanamke aliyempenda, ndiye anayeipeponisha akili yake. Ukizidi kuchimba unafika Uajemi ya kale, kwenye neno lenye maana ya ukuta unaozunguka. Wagiriki waliita hivyo bustani za wafalme wa kule. Kwa Waarabu likawa firdausi, ile ile tunayoijua sisi. Kumbe mzizi wake ni ua tu, uliozungushiwa kitu kizuri.

Pepo yetu ni ndugu ya upepo. Nilikuwa sijawahi kuyaweka maneno haya mawili pamoja, na mimi nimekulia Makete, kusini mwa Tanzania, chini ya uwanda wa juu wa Kitulo! Kule juu, mita 2,600 kwenda mbele, mvua zikinyesha maua hufunika nyanda zote. Ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, lakini wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Haina ukuta. Ina upepo.

Ila kinachonishika zaidi ni nani anayelitamka neno hilo kwa Milton. Ni Shetani. Amejificha bustanini, anawatazama wawili wale, wivu unamchoma.

Nami niliwahi kuchungulia. Bibi alikuwa na kibustani cha njegere nyuma ya nyumba, wigo wa mianzi pande zote, mbuzi wasipite. Jioni moja ya Julai nilitoka kisimani na ndoo, nikawaona kwenye upenyo, yeye na Babu, wamekaa chini bega kwa bega wakimenya njegere, hawasemi kitu. Sikuona wivu. Nilisimama tu, maji yakinidondokea mgongoni, nikitamani wasimalize.

Bibi akaniona. Akachomoa mwanzi mmoja.

"Ingia humu, mjukuu wangu. Huko nje kuna upepo."