Gari la Kasi Katika Baridi Kali
Joto linapoanza kushuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, huwa sisubiri theluji ianguke ndipo nitoe matairi ya kiangazi na kuweka ya majira ya baridi, kwa sababu mpira wake hukakamaa na kushindwa kushika barabara hata pakiwa pakavu. Asubuhi moja niliuminya kwa kidole gumba nikaukuta mgumu kama ukwato. Hubadilisha yote manne. Kubadilisha ya nyuma tu, hata kama ndiyo yanayosukuma gari, ni hatari kubwa, maana ya mbele ndiyo yanayokata kona. Maji ya rejeta huyachanganya nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda. Kwenye barabara yenye utelezi, ambapo gari lenye nguvu huponyoka upande wa nyuma kufumba na kufumbua, mimi huondoka kwa gia ya pili na kukanyaga mafuta taratibu.